Ndoo za Samadi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chipego aliingia zizini na koleo, akazoa samadi ya ng'ombe wao watano, kisha akaandika daftarini ni ndoo ngapi zimejaa. Kazi hiyo alipewa na Bi Moonga, fundi wa mitambo ya gesi ya samadi kutoka mji wa Monze, aliyetaka hesabu ya siku kumi na nne ili ajue ukubwa wa shimo la kuchimba.

"Sasa fundi, moto utatokaje kwenye mavi?" Chipego alikuwa amemuuliza.

Bi Moonga alicheka. "Hujaona mapovu kwenye dimbwi la zizi wakati wa mvua? Ile ni gesi. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinakula samadi na kutoa gesi. Tutavifungia shimoni visipate hewa, gesi yake ije jikoni kwa bomba."

"Na vikishiba?"

"Havishibi. Ila vikikosa chakula, vinagoma."

Tangu hapo Chipego akawa anachokonoa samadi kwa kijiti, akivitafuta vijidudu hivyo, mpaka mama yake akamfokea, "We mtoto, hebu kaoge!"

Siku tisa zilipita vizuri. Ndoo zilikuwa mbili na nusu kwa siku, au karibu na hapo. Siku ya kumi, Chipego akimalizia kuzoa, Choolwe, jirani aliyesoma naye, alichungulia zizini.

"Jamani, Malkia wa Mavi!" akapiga kelele. Kufika shuleni, darasa zima lilikuwa na habari.

Kwa siku nne Chipego hakukanyaga zizini. Aliandika tu: tano, tano, tano, tano. Shimo likiwa kubwa, alijiambia, gesi si itakuwa nyingi zaidi?

Bi Moonga alifika na wachimbaji wawili. Alisoma daftari, akapigilia kigingi, akavuta kamba na kuchora duara la shimo. "Naona samadi imeongezeka! Basi shimo litakuwa pana."

Baba alitabasamu. Chipego alikohoa kidogo. "Fundi, shimo likizidi chakula, inakuwaje?"

"Gesi inakuwa hafifu. Mama atawasha, moto utazima. Atarudi kwenye kuni."

Chipego alimtazama mama yake, aliyekuwa akifikicha macho mekundu mlangoni pa jiko lenye moshi.

"Fundi, msichimbe. Zile tano nilizitunga."

"Chipego!" Baba aling'aka. "Watu wametoka Monze na majembe yao!"

Bi Moonga aling'oa kigingi taratibu. "Afadhali kasema kabla jembe halijagusa ardhi. Rudia siku nne, binti. Kwa ukweli."

Kesho yake Choolwe alichungulia tena. "Malkia karudi!"

"Njoo basi nikuonyeshe gesi inakotoka," Chipego alimjibu bila kuinua kichwa.

Choolwe alisitasita, kisha akaruka ua. Siku ya nne alikuwa akigombania koleo.

Ndoo zilikuwa mbili na nusu, mbili, mbili na nusu, tatu. Bi Moonga alirudi, akachora duara dogo kuliko lile la kwanza, na wachimbaji wakaanza kazi.

"Umeona?" alimwambia Chipego. "Shimo dogo linaloshiba humpikia mama yako. Kubwa lenye njaa lingekuwa kaburi la jasho letu. Uongo wako ulitupotezea siku nne. Ungenyamaza, ungetupotezea mtambo mzima. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado linafutika."