Wali wa Ijumaa Nyuma ya Nyumba

Ndugu zangu, haya siyo ya kusimuliwa. Yametokea hapa mtaani kwetu Pearland, huku ughaibuni, kwa mtu ambaye wengi wenu mmekula kwake.

Kila Ijumaa baada ya sala, nyumba ya Bimdogo ilinukia bizari na karafuu. Mama huyu wa Kizanzibari, anayeishi na bintiye Lubna na mkwewe Shamsudin, alipika pilau ya kulisha harusi. Kwake yeye, mgeni akila mpaka akaona chini ya sinia, mwenyeji ameaibika. Tulikula, tukacheka, tukashiba, na bado sufuria ilibaki nusu.

Sasa nusu hiyo ilikwenda wapi? Kuitia kwenye pipa la taka pamoja na nepi, Bimdogo hakuthubutu. Riziki haichanganywi na najisi. Aliimwaga kando ya uzio, sadaka ya ndege. Nia njema kabisa. Lakini ndege, jamani, hawamalizi wali wa harusi.

Wakaja panya. Walinenepa, wakahamia ndani ya gari la Shamsudin. Asubuhi moja alitaka kwenda zamu yake hospitali, gari likakataa kuwaka. Alipofungua boneti alikuta nyaya zimetafunwa, na punje za pilau juu ya betri.

"Mama, wagonjwa wananisubiri, mimi niko hapa!" alisema kwa uchungu. "Karamu za Ijumaa basi. Tuna-cancel."

"Niwafungie watu mlango, Shamsudin?" Machozi yalimlenga Bimdogo. "Huku ugenini mimi nina nini kingine cha kuwapa?"

Nami nilikuwa nimepita pale kuwasalimu; niliumia kumwona hivyo, siwafichi.

Jioni jirani yao Apolonia, Mtanzania wa bara, alikuja kumpa pole.

"Shikamoo mama. Ile ndoo ya kijani waliyotugawia manispaa, yako iko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nimetilia vitunguu."

Apolonia alicheka mpaka akashika mlango. "Mama, ile ni ya mabaki ya chakula! Gari lao linayachukua mbali na taka nyingine. Yanaozeshwa yanakuwa mbolea, halafu tunarudishiwa tukapande."

"Hayakutani na nepi?"

"Hata mfuko wa plastiki hawautaki."

Hapo Bimdogo akaridhika, vitunguu vikahamishwa. Shamsudin naye akakubali wajaribu. Panya walipokosa chakula, walihama wenyewe.

Lakini ndoo ilikuwa na somo lake. Wali wa uani Bimdogo alikuwa akiumwaga na kuusahau. Huu wa kwenye ndoo ulimkodolea macho, hata mfuniko ukagoma kufunga.

"Yote haya ni mimi?" alimuuliza Lubna, kwa sauti ndogo.

Ijumaa iliyofuata alipunguza mchele, na kilichobaki akatufungia twende nacho. Siku hizi ndoo yake ina maganda ya viazi na majani ya chai, na pale kwenye uzio pameota mchicha.

Juzi niliona chini ya sinia kwa mara ya kwanza. Bimdogo alinitazama.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama."

"Basi alhamdulillah," akasema, akaondoa sinia.

FUNZO

Ukarimu si kubakisha. Mheshimu mgeni kwa kumshibisha, na iheshimu riziki kwa kuipima kabla haijaingia sufuriani. Kitakachobaki, mpe mtu; kisicholika, kipe udongo kupitia ndoo ya manispaa. Na wewe unayesoma, nenda gereji ya nyumbani kwako ukaitazame ndoo yako. Umetilia nini?