Majina Mawili kwenye Mstari Mmoja

Nyumba ya Mwamvua pale Kibondo mjini haikosi watu. Chumba cha mbele ni duka la vyakula: maharage, mahindi, chumvi, mawese. Ndani ni mkeka na birika la chai. Ukitaka habari za mji mzima, kaa hapo kwa kikombe kimoja tu. Utaondoka unajua nani kagombana na nani, na aliyeanza ni nani.

Wiki ile, habari ilikuwa Mwamvua mwenyewe.

"Wifi, ni kweli?" aliuliza Faudhia, dada wa mume wake. Alikuwa anamenya viazi. "Nasikia kule Kumsenga mlinyang'anyana kalamu mbele za watu."

"Hatukunyang'anyana kalamu."

"Mlinyang'anyana nini basi? Maana sokoni wanasema kalamu."

Waliokuwa mkekani wakacheka. Mwamvua hakucheka.

Mwamvua ni mwezeshaji wa semina. Mwezeshaji mwenzake ni Esteri Nkunzimana, mkulima wa Kumsenga. Shirika moja liliwachagua wafundishe vikundi vya kina mama jinsi ya kuhifadhi maharage kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Humo wadudu hawaishi. Mwamvua analijua soko na hana aibu ya kusimama mbele za watu. Esteri analijua shamba, na anakijua Kiha, lugha ambayo kina mama wengi wanaisikia vizuri zaidi.

Ukiwatazama hivyo, unasema hawa wamepatana. Lakini semina ya Kumsenga iliharibika.

Mwamvua alitaka kuonyesha kama maharage yamekauka. Alitia maharage kwenye chupa kavu. Akaongeza chumvi, akatikisa, akasubiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, maharage bado yana maji. Chumvi ikaganda. Akajaribu mengine. Ikaganda. Akajaribu yaliyoanikwa wiki nzima. Ikaganda tena. Watu wakaanza kunong'ona.

Esteri akapaza sauti kutoka nyuma. "Acheni chupa! Ng'ateni harage kwa meno. Likivunjika, limekauka."

Kisha akasema kitu kwa Kiha. Ukumbi mzima ukacheka. Mwamvua akaweka kalamu ya ubao mezani kwa kishindo, akatoka kwenda kuswali adhuhuri. Hakumuaga mtu. Kina mama wakarudi nyumbani na mafundisho mawili yanayopingana.

Wiki tatu baadaye, ndiyo wiki ile ya maneno, mama mmoja alifungua mfuko wake. Maharage yalikuwa na ukungu. Gunia zima likamwagwa.

Basi siku ile mkekani, Faudhia hajamaliza viazi vyake, pikipiki ikasimama nje. Alikuwa Bwana Mudathiri, mratibu wa shirika, ametoka Kasulu. Mkononi alikuwa na fomu.

"Karibu chai," alisema Mwamvua.

"Sikai, Mama Tamimu. Wiki ijayo mna semina Mabamba. Ile ya Kumsenga imenitia aibu." Akamwonyesha fomu. "Unaona? Jina la mwezeshaji. Mstari mmoja. Nataka mkuu mmoja na msaidizi mmoja. Mkuu anasema, msaidizi anashika karatasi. Niandikie kasoro za mwenzako, na yeye ataandika zako. Ijumaa nachagua."

"Na tusipoandika?"

"Nawaondoa wote. Nitaleta watu wengine kutoka Kasulu."

Akamwachia karatasi tupu, pikipiki ikaondoka. Mkeka mzima ukamgeukia Mwamvua.

"Andika, wifi!" alisema Faudhia. "Kasoro zake si unazo kichwani? Tena yule ni mkimbizi tu."

"Faudhia, koma hapo hapo. Wazazi wake ndio walikuja. Yeye kazaliwa Kibondo kama wewe, na ni raia kama wewe. Nimekasirika naye, ndiyo. Lakini ugomvi wetu ni wa maharage."

Akachukua kalamu. Akaandika: *Esteri anaongea bila zamu yake.* Akaisoma. Akawaza Esteri naye yuko Kumsenga muda huu, anaandika nini. *Mwamvua anatoka bila kuaga.* Na ni kweli, alitoka.

Akaikunja ile karatasi, akaitia kwenye jiko la chai.

"Mimi si wa kumchongea mtu," alisema. Akamwita kijana wake wa duka. "Athuman! Kaa dukani."

Akafunga chupa na mfuko wa chumvi kwenye kanga, akaita bodaboda.

Alimkuta Esteri uani, anapepeta maharage. Karatasi ya Bwana Mudathiri ilikuwa chini ya jiwe. Haikuwa na hata herufi moja.

"Mwakeye," alisalimia Mwamvua kwa Kiha chake kibovu.

"Mwakeye. Umekuja kunisomea kasoro zangu?"

"Nimekuja kuzisema mdomoni. Ulinikatiza mbele za watu!"

"Na wewe uliniachia watu thelathini! Mimi nitajuaje umekwenda kuswali? Nilidhani umesusa!"

"Nilikuwa nimesusa pia!"

"Basi!"

"Na mlinicheka. Mlinisema kwa Kiha mkanicheka."

Esteri akaacha kupepeta. "Tulikucheka wewe? Mama Tamimu, nilisema maharage mabichi yanatoka jasho kama bwana harusi. Walicheka maharage."

Mwamvua akayatazama maharage. Kisha midomo ikaanza kumcheza. "Kama bwana harusi?"

"Ego. Ndiyo hivyo."

Hapo jirani akapenya uani. Alikuwa Aline Niyonkuru, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Kelele zilimvuta, hakuficha.

"Nimesikia nikasema nije nione damu," alisema, akajivutia kigoda. "Kumbe mnacheka. Mnanikosesha uhondo."

Aline aliwahi kuendesha semina kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwa miaka sita. Mwenzake alikuwa Mkongomani. Wakamweleza yote, kila mmoja akimkata mwenzake.

"Ngojeni," alisema Aline. "Kabla ya Kumsenga, mlikaa wapi mkapanga?"

Wakatazamana.

"Tulikutana mlangoni," alisema Esteri.

"Mlangoni! Mnapika harusi, mnakutana jikoni sufuria iko motoni? Mimi na mwenzangu wiki ya kwanza tulikuwa hivyo hivyo. Yeye anasema Kiswahili cha Kongo, mimi cha huku, watu hawajui wamfuate nani. Tukajifunza kukaa siku moja kabla. Tunaligawa somo kipande kwa kipande. Hiki unasema wewe, hiki nasema mimi. Na wakati mmoja anasema, mwingine hapumziki. Anatazama nyuso. Nani kasinzia, nani hajaelewa."

"Na mwenzangu akikosea?" aliuliza Esteri. "Ninyamaze?"

"Usinyamaze. Wala usimrukie. Sisi tulikuwa na alama. Mimi nikishika kilemba, yeye anajua kuna jambo. Anasema, 'Dada Aline, ongeza hapo.' Sasa umekaribishwa, hukuvamia. Na semina ikiisha, kabla hamjaagana, kila mmoja anamwambia mwenzake lililokwenda vizuri na la kurekebisha. Siku hiyo hiyo. Likilala, linaota mizizi."

"Na swala?" aliuliza Mwamvua.

"Swala si siri. Waambie watu asubuhi. Mwenzako apange zoezi la vikundi saa hiyo. Na yeye akitaka kwenda kumwona mtoto, ni hivyo hivyo."

"Na mkuu wenu alikuwa nani?"

Aline akacheka. "Kila mtu alituuliza. Hatukumjibu mtu."

Likabaki la chupa na meno. Aline hakutaka maneno. "Pimeni hapa, nione."

Esteri akang'ata harage lake moja. Likavunjika. "Kavu."

Mwamvua akatia maharage hayo hayo kwenye chupa. Akafungua chumvi yake. Ilikuwa chumvi ya Uvinza, ya gunia, iliyokaa wazi dukani msimu wote wa mvua. Aline akaishika.

"Mama, hii chumvi yenyewe ina maji! Itaganda hata ukiitikisa na mawe."

Mwamvua akashika mdomo. Kumbe kule Kumsenga chupa haikupima maharage. Ilipima chumvi yake.

Wakaikaanga chumvi kwenye kikaango mpaka ikakauka, wakaiacha ipoe. Wakatikisa, wakasubiri robo saa. Chumvi ikaganda kidogo ukutani mwa chupa.

Sasa Esteri akaichukua chupa, akaigeuza. Maharage yake, aliyoyang'ata na kuyaita makavu, yalikuwa bado. Wakatia mengine, yaliyoanikwa siku tatu zaidi. Chumvi ikateleza yote chini. Chupa safi.

"Kwa hiyo mimi nilikosea chumvi," alisema Mwamvua.

"Na mimi nilikosea meno," alisema Esteri. "Yule mama tulimwozeshea gunia sisi wawili."

Esteri akaitoa karatasi chini ya jiwe. Akaipindua, na nyuma yake wakaanza kupanga semina ya Mabamba.

Ijumaa walimpigia Bwana Mudathiri. Walitumia simu moja, sauti ikiwa juu.

"Nani mkuu?" aliuliza.

"Hayupo," alisema Esteri.

"Ninyi kina mama, fomu ina mstari mmoja!"

"Andika kwa herufi ndogo," alisema Mwamvua. "Mwamvua na Esteri. Tutaingia."

"Mkiharibu tena, nawaondoa wote wawili siku hiyo hiyo."

"Njoo ukae mbele, utazame vizuri."

Akaja. Alikaa mbele kabisa, fomu gotini. Kina mama wa Mabamba walijaa, wengine na watoto mgongoni. Mwamvua alianza na habari ya soko: maharage yenye matundu anayanunua nani? Esteri aliendelea na kuchambua na kuanika. Asubuhi ile ile Mwamvua alisema wazi kwamba muda wa swala ukifika atatoka, na vikundi vitabaki na Esteri. Hakuna aliyeshangaa.

Kabla ya swala ilikuja zamu ya chupa. Mwamvua alimimina maharage na kushika chumvi. Esteri akashika kilemba.

Mwamvua akasimama. Alikuwa amesahau kueleza kwamba chumvi ikaangwe kwanza. Bwana Mudathiri alikuwa anamtazama, kalamu iko tayari. Angeweza kujifanya hakuona.

"Mama Tharsisi, ongeza hapo," alisema, akimgeukia Esteri.

Esteri akaja mbele na kikaango. Akaeleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha. Akamalizia na lile la bwana harusi. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na safari hii Mwamvua ndiye aliyecheka zaidi.

"Kumsenga tulikosea hapa," aliwaambia watu. "Mimi nilileta chumvi mbichi, mwenzangu akategemea meno. Mama mmoja akapoteza gunia. Ninyi msirudie."

Bwana Mudathiri akasimama. "Mama Esteri, basi kaa sasa. Mwachie Mama Mwamvua aendelee, Kiswahili chake kimenyooka."

Mwamvua alimtazama mratibu. Kisha akaichukua kalamu ya ubao, akamwekea Esteri mkononi mbele ya macho yake.

"Kipande hiki ni chake, Bwana Mudathiri. Tumepanga hivyo. Ukitaka kutuondoa, subiri tumalize. Kaa."

Mama mmoja nyuma akapiga makofi. Wakafuata wote. Bwana Mudathiri akakaa.

Esteri alifundisha kufunga mfuko: kujaza, kubana hewa yote itoke, kukunja mdomo na kukaza kamba. Akamwita kila mama ajaribu kwa mkono wake. Jioni, kabla ya kuagana, wawili wale walikaa pembeni kidogo.

"Umefundisha mfuko vizuri," alisema Mwamvua. "Ila unaharakisha kamba."

"Na wewe umekubali kilemba mbele ya mratibu. Ila unasema sana, mama. Wape watu nafasi."

"Hilo najulikana nalo mji mzima."

Walirudi pia Kumsenga, bila kutumwa na mtu. Wakarudia somo lote tangu mwanzo, wakamuomba radhi mama wa gunia. Esteri alimpa debe la maharage ya nyumbani kwake, Mwamvua akampa mfuko mpya. Miezi minne baadaye mama huyo aliufungua mfuko huo mbele ya kikundi. Hakuna tundu. Hakuna ukungu. Maharage yaling'aa kama ya jana.

Alipeleka bakuli zima Kibondo mjini. Yakapikwa kwa mawese nyumbani kwa Mwamvua, mkeka umejaa, Esteri na Aline wako katikati. Faudhia ndiye aliyemnawisha Esteri mikono. Alimnawisha wa kwanza.

Bwana Mudathiri alipita na fomu mpya za semina kumi zijazo.

"Karibu chai," alisema Mwamvua.

Safari hii alikaa. Akaweka fomu mkekani. Penye jina la mwezeshaji palikuwa na mistari miwili.