Kijani cha Mchana

Mali iliyoibwa ilikuwa mezani, ikimtazama.

Inspekta Erastus Barasa wa polisi Thika aliitazama nayo. Bangili ya kijani ilitulia katika sinia ya shaba, juu ya kitambaa chekundu, chini ya taa ya umeme ya chumba cha kusalia.

"Kilichoibwa ni nini?" akauliza.

"Hiyo," akasema Himatlal, mwenye duka la vitambaa.

"Hii ipo."

"Mama yangu anasema hiyo si yenyewe. Jana mchana ilikuwepo yake; leo imechukuliwa, ikawekwa hii."

Barasa alikaribia kuaga. Lakini barazani alikaa Ba Chanchal, mamake Himatlal, mwanamke mwenye mwili wa kitoto na sauti ya hakimu. Ba alikimbia Rangoon wakati wa vita akaacha nyumba, duka na vyombo. Alichofika nacho Kenya ni bangili ya mkononi tu, ya jadeiti, lile jiwe la kijani la Burma, aliyovishwa na mama mkwe wake siku ya harusi. Jumamosi hii alikuwa amvishe mjukuu wake, Lata, mbele ya wageni wote wa harusi yake kule Ruiru.

"Unamshuku nani?" Barasa akauliza.

Himatlal akaelekeza kidevu kwenye mlango wa jikoni. Hapo alisimama Nyawira, mpishi wa nyumba, furushi lake limekwisha kufungwa miguuni.

"Yeye ndiye aliyeivua mkononi mwa Ba wiki jana, kwa sabuni. Yeye ndiye anayefagia chumba. Nimeshawaambia hata wateja dukani. Nani mwingine?"

Ulikuwa mwaka 1958, Hali ya Hatari bado haijaondolewa. Mkikuyu aliyeandikwa kituoni kwa wizi alinyang'anywa kibali cha kukaa mjini siku hiyo hiyo, akarudishwa rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, na kurudi tena ikawa ndoto. Kila mtu katika nyumba ile alilijua hilo, Nyawira kuliko wote. Barasa alizigusa pingu mfukoni na hazikumfurahisha hata kidogo.

"Umekaa hapa tangu lini, Mama Nyawira?"

"Tangu huyu Lata akitambaa, afande."

"Bangili umeiba?"

"Haiya. Ningekuwa nimeiba, ningekuwa bado hapa nikikupikia chai?"

Barasa akatazama mkono wake. Kweli, alikuwa ameshika kikombe, wala hakukumbuka kukipokea. Chai yenyewe ilikuwa tamu.

Akamgeukia Ba. "Mama, pengine ni macho tu. Umri nao..."

"Macho yangu iko sawa," Ba akamkata. "Yako ndiyo mbaya. Wewe naangalia jiwe kwa taa. Nani alifundisha wewe kununua jiwe ndani ya nyumba? Leta hapa."

Inspekta wa polisi akaleta.

Ba akamweka darasani bila kumwuliza. Taa, alisema, ina manjano, na manjano hunenepesha kijani. Kitambaa chekundu ni kibaya zaidi, kwa sababu kando yake kijani chochote hujiona mfalme. Jua kali nalo hulichoma jiwe hadi usione kitu. Mtu mwenye akili hungoja mchana wenye wingu, akaliweka jiwe juu ya kitu cheupe, akanyamaza, akatazama.

Thika ya Julai haikosi wingu. Barasa akatandaza leso yake nyeupe kwenye ukuta wa baraza, akimshukuru Mungu kwamba ilifuliwa jana, akaiweka bangili juu.

Ikabadilika mbele ya macho yake. Ule ung'avu wote ukakimbia, kikabaki kijani cha bluu-bluu, kizito, kama cha chupa. Akatoa kioo chake cha kukuzia. Rangi ilikuwa imejikusanya ndani ya nyufa ndogo ndogo, kama chai kwenye nyufa za kikombe kikuukuu, na kati ya nyufa jiwe lilikuwa jeupe.

"Hii nalipakwa," akasema Ba. "Yangu rangi nazaliwa nayo. Nakaa sawasawa jiwe yote, hapana kimbilia kwa ufa. Kama jani changa ya ndizi, mvua nakwisha."

Barasa akasimama wima. Bibi hakuwa amechanganyikiwa. Kosa lilikuwa limetendeka, na mtendaji alikuwa amejitahidi sana.

Akairudisha bangili chumbani, chini ya taa, juu ya kitambaa chekundu. Ikawaka tena. Hata Ba, aliyemfuata, alisita.

"Hapa nafanana," akakiri, kwa uchungu.

"Mama Nyawira," akasema Barasa, "wewe bangili ya Ba umezoea kuiona wapi?"

"Hapo barazani. Kila asubuhi nikimwosha mikono."

"Na wewe, Bwana Himatlal?"

"Hapo hapo, nikienda duka."

"Dada Lata?"

Lata, bibi harusi mwenyewe, alikuwa amesimama nyuma ya pazia. "Hapo hapo, nikimsomea Ba gazeti."

"Basi Mama Nyawira afungue furushi lake," akasema Barasa. "Ninyi nyote mnaijua kwa mchana. Hakuna hata mmoja wenu ambaye angechagua kijani hiki. Aliyeinunua hii alijua ile kwa taa tu. Sasa niambieni, nani huja nyumba hii jioni tu, wala si mchana?"

Himatlal akamtazama Lata.

"Jana jioni nani alikula hapa?"

"Watu wa Ruiru," Himatlal akasema polepole. "Kirit na baba yake. Huja wakishafunga duka."

Kirit ndiye bwana harusi.

Barasa akamgeukia Lata. "Hebu ivae."

Bangili ikateleza mkononi mwake bila shida. Lata akainamisha uso.

"Na ile ya Ba? Ulijaribu?"

"Nilijaribu siku ilipovuliwa. Ilikwama hapa." Akagusa kiungo cha kidole gumba.

"Ulimwambia nani?"

"Kirit. Kwa simu ya duka." Machozi yakamtoka. "Sikumwomba kitu, afande. Nilikuwa naogopa tu."

Walikwenda Ruiru kwa gari la Himatlal. Ba alikataa kuachwa, na Lata akapanda bila kuuliza mtu. Walimkuta Kirit dukani kwake, akipima misumari kwenye mizani. Alipoona sare ya polisi, misumari ikamwagika.

"Iko wapi?" akauliza Barasa.

"Iko salama." Kirit akaingiza mkono katika kopo la misumari ya inchi nne, akatoa kitu kilichofungwa kwa pamba. Barasa akakifungua juu ya leso, mlangoni, chini ya wingu. Sasa akaelewa habari ya jani la ndizi. Alitazama mpaka akasahau kwamba yuko kazini.

"Ulibadilisha lini?"

"Jana, walipokuwa wananawa mikono."

"Kwa nini?"

"Shangazi zangu wangekaa mbele kabisa. Bangili ikikwama watasema mabibi walioivaa zamani wamemkataa Lata, na watasema mpaka tuzeeke. Nikatafuta inayofanana, kubwa kidogo. Ya Ba ningeirudisha harusi ikiisha. Sikujua mtu atalaumiwa."

"Aliyelaumiwa amefunga furushi," akasema Barasa.

Aibu ilimpanda Kirit hadi masikioni.

Ba alikuwa anatikisika. Walidhani analia, kumbe ni kicheko.

"Yangu pia nalikwama," akasema. "Mama mkwe napaka mafuta ya nazi, navuta, navuta. Mimi nalia. Wageni nasema, tazama, bibi harusi nafurahi." Akapangusa macho. "Kirit. Hii jiwe mbaya nanunua saa ngapi?"

"Jioni, Ba. Nairobi, dukani, kwa taa."

"Mjinga. Na mke pia nachagua kwa taa?"

"Hapana, Ba. Nilimwona mchana, akishusha marobota ya vitambaa kutoka kwenye lori. Hiyo mikono ndiyo niliipenda kwanza."

Lata akaificha mikono, halafu akaitoa.

"Basi Jumamosi Lata navaa hii ya kupakwa," akaamua Ba. "Yangu narudi kwangu. Mkono nasikia baridi."

Himatlal akafuta mashtaka hapo hapo. Lakini waliporudi Thika, Nyawira alikataa kulifungua furushi. Bwana alimsema mbele ya wateja, kwa hiyo na amsafishe mbele ya wateja. Kesho yake Himatlal alisimama kwenye kaunta, duka limejaa, akasema yote.

Jumamosi Barasa alialikwa Ruiru bila pingu. Aliliona gari likiingia. Ba alikuwa nyuma, mkono wenye bangili nje ya dirisha, akitafuta wingu. Kwenye kiti cha mbele alikaa Nyawira, kilemba kipya kichwani.

Bangili ya Lata ikaingia mara moja, na shangazi wote wakaisifu rangi yake. Chai ilipoletwa, Himatlal alichukua birika mwenyewe, akavuka uwanja mzima, akammiminia Nyawira wa kwanza.

Nyawira akaonja, akatafakari.

"Ongeza sukari, Bwana," akasema.

Akaongeza.