Doa kwenye Rinda la Katunge

Cherehani ya Mumbua ilipiga kelele kuliko wahubiri wote wa soko la Kathonzweni. Mwenyewe alishazoea. Alishona mchana kutwa, na mama yake, Katunge, alikaa mlangoni akichambua ndengu. Wapita njia pia aliwachambua.

"Mumbua," Katunge akasema siku moja, "siku yangu ikifika, unizike na lile rinda la baba yako."

"Aiya, Mama! Kwani nani amekufa?"

"Hakuna. Ndiyo maana nasema sasa. Nikishakufa utanisikia?"

Mumbua akaisimamisha cherehani. Baba yake, Mutie, alikuwa fundi pia. Alifariki Mumbua akiwa bado anatambaa. Hakuacha hata picha. Katika nguo zote alizoshona, lilibaki rinda hilo moja: la bluu, ukosi mpana, kiuno cha nyigu.

Akalitoa kwenye sanduku la bati. Alikuwa amelifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akidhani analilinda. Kumbe nailoni ilifungia unyevu humo humo. Palipokunjwa, kitambaa kilianza kuchanika. Na ubavuni palikuwa na doa la kahawia.

"Angalau liwe safi," akajiambia. Akamimina dawa ya kung'arisha nguo ndani ya beseni. Neno la mama halipingwi. Lakini akimzika nalo, atakuwa amezika wazazi wawili siku moja.

"Fundi! Unataka kulifua au kuliua?"

Alikuwa Bilan, binti wa Nuradin muuza vitambaa wa duka la jirani. Bilan alifanya kazi mjini Wote, katika kituo kinachohifadhi nguo za zamani na habari zake. Siku hiyo alikuja tu dera lake lipunguzwe.

"Ni doa tu," Mumbua akasema.

"Dawa hiyo italila doa, kisha ile rangi, kisha ule uzi. Mwaga."

Mumbua akamwaga, amenuna. "Nyinyi watu wa kumbukumbu si mnataka ngozi na shanga? Hili ni la juzi tu."

"Kwani baada ya shanga watu walitembea uchi? Hili ni historia pia. Fundi wa Kathonzweni alilikata, mama wa Kathonzweni akatembea nalo."

"Na nilitembea vizuri!" Katunge akadakia kutoka mlangoni.

Wakanawa mikono, wakaikausha. Wakalitandaza rinda juu ya shuka safi. Bilan akalipiga picha mbele na nyuma, kisha akaligeuza polepole.

"Tuangalie ndani," akasema. "Ndani ndiko fundi husema ukweli."

Mumbua akainama. Mishono ya mkono ya baba yake ilikuwa midogo, imelala kidogo upande wa kushoto. Akalitazama pindo la gauni la mteja alilolishona asubuhi ile. Mishono yake mwenyewe ililala vilevile. Wateja walikuwa wakimcheka kwa hilo.

Kidole cha Bilan kikazama penye doa. Palikuwa na mfuko mdogo, umefichwa kwenye mshono. Akanusa. Akaangua kicheko.

"Susu, huu si ugoro?" akamuuliza Katunge, akimwita bibi kwa Kikamba.

Katunge, mwenyekiti wa akina mama kanisani, akazitazama ndengu zake kwa bidii sana.

"Mchungaji wa wakati ule alikuwa mkali," akasema hatimaye. "Mutie akanionea huruma."

"Mama!"

"Unaona?" Bilan akamwambia Mumbua. "Doa hili ni habari. Ungelifua, ungefua na hadithi yake."

"Hiyo usiandike," Katunge akaonya.

"Nguo ni yako, Susu. Usipokubali, siandiki."

Katunge akafikiri. "Basi andika. Yule mchungaji alishatangulia."

Bilan akawasha simu ya Mumbua irekodi sauti. Nani alishona? Wapi? Lilivaliwa siku gani? Na mwaka?

"Kabla ya ile njaa ya themanini na nne."

"Tutasema 'karibu 1983'. Kama hatuna hakika, tusijifanye tunayo."

Picha na sauti zikabaki kwenye simu ya Mumbua, na nakala zikaenda kituoni. "Maana simu," Bilan akasema, "hupenda kuanguka chooni."

Mumbua akachora vipimo vyote kwenye gazeti, bila kufumua hata uzi mmoja. Kisha Bilan akamwonyesha namna ya kulihifadhi: kuliviringisha taratibu bila kulikunja, ndani ya kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa na kukauka vizuri. Nailoni, hapana. Pini, hapana, zinashika kutu. Liwe mbali na jua na unyevu, na lichunguliwe mara kwa mara, wadudu wasifanye karamu.

Kwa vipimo vile, Mumbua akashona rinda la pili. Akayalaza yote mawili kitandani.

"Chagua, Mama."

Katunge akayapapasa. Kwenye lile jipya, mkono wake ulikwenda moja kwa moja ubavuni. Mfuko ulikuwepo.

"Nizike na hili jipya," akasema. "Mchwa hawajui fundi. La baba yako liachie wenye macho."

Mumbua akacheka, huku akijifuta machozi kwa ncha ya leso.

Lakini Katunge hakuwa na haraka ya kufa. Jumapili alilivaa rinda jipya kanisani, ukosi mpana, kichwa juu. Na mchungaji alipowaambia wote wafumbe macho waombe, mkono wake ukateleza ubavuni polepole.