Wa Tano Kwenye Mstari

Mashujaa wa mchezo wa video walitakiwa kuwa wanne. Dada mtu alihesabu mara mbili, kidole kikigusa kioo cha runinga: Baba, Mama, Dada, Mdogo. Walitembea kwa mstari, kwa mpangilio ambao yeye na mdogo wake waliwapa majina utotoni. Nyuma ya Mdogo alifuata wa tano, kivuli tu, hana jina.

"Huyu hatukuwa naye," alisema.

"Umesahau," mdogo wake alijibu. "Wewe hata ya jana huyakumbuki."

Toleo la sita la mchezo lilikuwa limetoka, nao wakaamua kwanza warudie lile la kwanza kabisa. Kaseti ilitoka kwenye boksi juu ya kabati, na safari yao ilikuwa bado imehifadhiwa, miaka kumi na minne baadaye. Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana. Jikoni Mama alikaanga vitunguu, lakini sebuleni kulinuka udongo uliolowa.

Kila hatua waliyopiga mashujaa, uhai wa Mdogo ulipungua kwa moja. Arobaini. Thelathini na tisa. Ulipofika ishirini, mdogo mtu aliegemea ukuta.

"Miguu imeniishia nguvu," alinong'ona. "Zima."

Dada alizima. Picha ikabaki. Akachomoa waya ukutani, lakini mashujaa wakaendelea kutembea wenyewe, namba ikashuka hadi kumi na moja, na nyayo zikaanza kusikika koridoni, za mtu aliye pekupeku, zikisimama mashujaa waliposimama, zikianza tena walipoanza, huku midomo ya mdogo wake ikigeuka kijivu.

"Nyumba ya wageni," mdogo alisema kwa shida. "Si ndipo tulipokuwa tunamwacha shujaa tusiyemtaka?"

Pedi ya kuchezea bado ilitii. Dada aliwafikisha mlangoni kwa hatua nane. Uhai ukabaki tatu. Maandishi yakatokea: ASIYE NA JINA HAPOKELEWI. Basi dada akampa jina la kwanza lililomjia, kwa kuwa alitembea mwisho: Mkia.

MKIA SASA NI WA FAMILIA. HAACHWI.

Namba ilisimama kwenye tatu. Nyayo zikanyamaza, runinga ikazimika. Rangi ilirudi taratibu usoni mwa mdogo wake. Wakatazamana, wakacheka kicheko cha kuishiwa pumzi.

"Chakula tayari," Mama aliita kutoka jikoni. "Njooni wote. Na Mkia naye, mbona amejibanza koridoni?"

"Abee, Mama," ilijibu sauti ya mdogo wake kutoka koridoni.

Dada alikuwa akimtazama mdomoni. Mdomo haukufunguka.