Mikono Miwili ya Kushoto

Kila nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuokota pini. Baba ni fundi cherehani, na sakafu ya kibanda chake ina pini nyingi kuliko vumbi. Nilizinasa kwa sumaku niliyoifunga kwenye kijiti, ndiyo maana mtaa mzima uliniita Pini. Kazi yangu ya pili ilikuwa kusema uongo.

"Fundi yupo?" wateja waliuliza.

"Ana homa," nilijibu bila hata kupepesa macho.

Baba hakuwa na homa. Alikuwa nyuma ya pazia, amelala juu ya vitambaa vya watu, ananuka pombe. Mama alikuwa amesema mpaka akachoka. Mimi nilimfichia kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu niliona haya.

Siku moja fundi baiskeli, jirani yetu, alifuata suruali yake. Nilipomwambia habari ya homa alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Homa hiyo naijua, mwanangu. Iliniangusha miaka tisa. Sasa kila Jumamosi saa tisa tunakutana, sisi tulioacha pombe na wanaotaka kuiacha, kwenye chumba cha nyuma ya zahanati. Hakuna kiingilio wala mahubiri. Tunakaa duara, tunaambiana ukweli. Mwambie baba yako."

"Akikataa?"

"Akikataa, si kosa lako. Kumponya si kazi yako. Ila hiyo homa usiitangaze tena."

Jioni nilimwambia baba. Alivimba kwa hasira.

"Mimi nikakae na walevi? Nani kakwambia mimi mlevi? Nakunywa kwa mdomo wangu!"

"Sawa, baba." Nilikuwa nimechoka. "Ila mimi sidanganyi tena. Mteja akiuliza, nitasema lililopo."

"Thubutu!"

Nilithubutu. Ijumaa mwalimu wa kwaya yetu ya shule alirudisha mashati kumi na mawili aliyoyachukua asubuhi. Alinivalisha moja mbele ya wateja. Mkono wa kushoto ulikaa vizuri. Wa kulia ulinivuta bega kwa nyuma kama mtu anayekamatwa. Baba alikuwa amekata mikono yote upande mmoja. Kila shati lilikuwa na mikono miwili ya kushoto, kosa ambalo fundi huonywa wiki yake ya kwanza kazini.

"Fundi ana nini?" mwalimu aliuliza.

Watu wote kwenye benchi walinitazama. Pazia lilitikisika.

"Baba amelewa, mwalimu," nilisema. "Hata alipokata mashati haya alikuwa amelewa. Hana homa. Hajawahi kuwa na homa."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alitupa muda wa kuyarekebisha hadi mwisho wa muhula, akaondoka. Nyuma ya pazia nilimsikia baba akilia. Iliniuma sana, lakini sikujuta.

Kesho yake saa nane na nusu baba alinyoa ndevu na kuvaa viatu.

"Naenda kuwaonyesha kuwa mimi si mwenzao," alisema.

Alirudi saa kumi na moja. Alivua viatu polepole, akamwambia mama, "Kumbe ni wenzangu."

Jumatatu msichana mmoja darasani alipayuka, "Baba yake Pini anasoma darasa la walevi!"

"Ndiyo," nilimjibu, "na hachelewi. Wewe unayechelewa kila siku unasoma darasa gani?" Darasa zima liliangua kicheko, naye akakaa.

Wiki ya tano baba alianguka. Alikunywa Alhamisi, na Jumamosi ilipofika akagoma kutoka kitandani. Niliogopa kuwa tumerudi tulikotoka. Saa tisa na robo fundi baiskeli alibisha hodi.

"Nitawatazamaje?" baba aliuliza huku amejifunika shuka.

"Kwa macho. Kwetu kiti cha mtu hakiondolewi kwenye duara, hata asipokuja. Mimi mwenyewe nimeanguka mara tatu na kiti changu nilikikuta. Inuka, fundi. Kiti chako kitupu kinatukosesha raha."

Baba aliinuka.

Jioni hiyo tulikaa kufumua shati la mwisho la kwaya. Mimi nilishika kitambaa, yeye akavuta uzi.

"Unaona, Pini," alisema, "mshono uliokosewa huwezi kuufunika kwa pasi. Unaufumua, hata kama watu wanaona, kisha unashona upya. Ukikosea tena, unafumua tena. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulinikasirisha siku ile, lakini uongo wako ulikuwa unaniua, na ukweli wako ukaniamsha. Usimfichie mtu ugonjwa, hata ukimpenda. Hata nikiwa mimi."

Mwisho wa muhula tuliimba, na mashati yote kumi na mawili yalikuwa na mkono wa kulia.

Jumamosi iliyopita mama mmoja alisimama mlangoni na kitambaa cha gauni. "Fundi yupo?"

"Hayupo, mama. Yuko mkutanoni na wenzake walioacha pombe," nilijibu kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Karibu ukae. Saa kumi na moja atakuwa hapa, na atakata gauni lako kwa mkono ulionyooka."