Chumba Kisicho na Mlango

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata dada yangu, tumbo moja, ziwa moja. Lakini nilikuwepo, na mengi niliyaona kwa macho yangu.

Dada ni mchora ramani za nyumba. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili vya mbele vya jengo moja, yeye na kompyuta yake, mimi na cherehani yangu, na mlango wa kati hatukuwa na desturi ya kuufunga. Siku hiyo nilikuwa napindia mapazia ya mteja. Kompyuta ya dada ilikuwa imekufa na kazi zake zote tumboni, na ile mpya bado ilikuwa na nailoni kwenye kioo. Wifi yake akaja kumsaidia.

Huyu wifi ni dada wa marehemu shemeji yangu. Shemeji alipofariki, ndugu wengi wa upande ule walijitoa polepole, kama wageni wanaoaga mmoja mmoja. Yeye alibaki. Alikuwa akimwambia dada, "Kaka yangu amekufa, lakini wewe hujanifia." Alifanya kazi za kompyuta kwenye kampuni kubwa, na dada alimwamini kuliko alivyoniamini mimi. Sikuona wivu. Nami nilimwamini.

"Kuanzia leo kazi zako tunazihifadhi kwenye wingu," wifi alisema, akivuta kiti.

"Na mvua ikinyesha?" dada aliuliza.

Tulicheka. Wifi akatueleza kwamba wingu ni kompyuta kubwa za watu, zimewekwa mbali kwenye majumba yenye baridi, nawe unapanga nafasi humo kama tulivyopanga vyumba hivi. Akafungua akaunti mama. "Hii ndiyo mwenye nyumba," alisema. "Inaweza kufuta kila kitu. Usiitumie kwa kazi za kila siku. Iache ilale." Kisha akamtengenezea dada jina dogo la kuingilia, lenye ruhusa ya kuchora na kuhifadhi tu, basi. Mwisho akaunganisha simu ya dada, ili kila anayeingia aandike kwanza namba zinazotumwa kwenye simu hiyo.

"Mwizi akilijua neno lako la siri, bado simu hana," alisema. "Ni kufuli na komeo."

Dada alipokuwa anaandika neno lake la siri, wifi aligeuza uso ukutani asilione. Baadaye dada alinieleza kwamba katika mambo yote, hilo la kugeuza uso ndilo lililomuuma zaidi.

Mchoro wa kwanza kuwekwa humo ulikuwa wa nyumba yake mwenyewe. Yeye na shemeji waliuchora kwa penseli zamani, kwa kiwanja ambacho hawakuwahi kukipata, na karatasi zile aliziweka kabatini miaka yote. Sasa akauchora upya. Sebule ilipinda kidogo kufuata jua. Dirisha la jikoni lilishushwa chini sana, ili mtu anayemenya vitu akiwa amekaa aone nje. Hata mimi hakuwa amenionyesha. Alinionyesha siku ile, kisha akaufunga.

Miezi ikapita. Siku moja nikaitwa kupima madirisha ya mapazia kwenye nyumba mpya nje ya mji. Dada akasema anakuja kunyoosha miguu. Ilikuwa mchana, jua kali, mafundi wamekaa kivulini wanakula. Tulipofika getini dada akasimama.

"Dirisha la jikoni," alisema.

Nikatazama. Lilikuwa chini, usawa wa goti. Kisha nikaiona sebule ilivyopinda.

Fundi mkuu alikuwa mtu mzima mpole, vijana wake wakimwita Mzee Timazi, kama ile kamba ya fundi ya kupimia ukuta, kwa sababu hakuwahi kujenga ukuta ulioinama maishani mwake. Dada alimsalimia kwa heshima, akamuuliza ramani ilitoka wapi. Mzee Timazi alisema mwenye nyumba aliinunua kwa mama mmoja mtu wa kompyuta. Akataja gari lake. Akataja mwanya wa meno yake. Alikuwa wifi.

"Ramani nzuri sana," mzee aliendelea, akiikunjua juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Ila mchoraji alisahau mlango."

Akaweka kidole nyuma ya jikoni. Palikuwa na chumba chembamba. Kuta nne. Hakuna mlango. Hakuna dirisha.

"Tuliuliza," alisema. "Mwenye nyumba akampigia yule mama. Akajibiwa, jengeni kama ilivyo. Tukajenga."

"Baba," dada alisema taratibu, "mimi ndiye niliyeichora nyumba hii. Chumba hicho sikukichora."

Mapazia sikuyapima tena siku hiyo.

Tuliporudi, dada aliingia kwa akaunti mama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kwenye orodha ya wenye ruhusa kulikuwa na jina lake dogo. Chini yake kulikuwa na jingine: Chelezo. Mtu asiyejua angedhani ni kitu cha mtambo wenyewe, cha kutunza nakala. Lilikuwa na ruhusa zote. Namba ya simu iliyoambatanishwa nalo tuliijua kwa moyo.

Dada hakulia. Alimpigia wifi, akasema neno moja. "Njoo."

Wifi alikuja akitabasamu, akaona kioo, tabasamu likafia mdomoni. Hakukana. Alisema alikwama kwa fedha, alisema alianza na ramani moja, alisema alidhani dada hatajua.

"Ungeniomba ningekupa," dada alisema. "Nyumba ya kaka yako. Nilikupa uilinde, ukaiuza."

Wifi aliinamisha kichwa. Niliondoa mguu kwenye cherehani, nikasogea karibu yao.

"Na kile chumba ulikiweka cha nini?" dada aliuliza.

"Chumba gani? Kile cha nyuma?" Wifi aliinua uso. "Kile ni chako."

"Si changu."

"Kimo kwenye michoro yako yote, wifi. Nilidhani ni mtindo wako. Ndiyo maana niliwaambia wajenge."

Dada alifungua mchoro wa duka la dawa aliomaliza juma lile. Nyuma ya stoo palikuwa na chumba chembamba. Akafungua wa shule ya awali. Kilikuwepo. Akafungua wa banda la kuku. Kilikuwepo.

Wifi alivuta kiti, akaonyesha mahali ambapo wingu hutunza kumbukumbu za nani ameingia na amefanya nini. Aliyechora chumba hakuwa Chelezo. Alikuwa akaunti mama. Ameingia kwa neno la siri sahihi, na kwa namba zilizotumwa kwenye simu ya dada. Jumapili mchana.

Jumapili hiyo tulikuwa kwa mama. Simu ilikuwa mkobani, na mkoba nilikuwa nimeupakata mimi.

Dada alifungua ujumbe wake. Namba zilikuwa zimefika, Jumapili baada ya Jumapili. Zote zilikuwa zimeshasomwa.

"Unachora usingizini?" wifi alinong'ona.

Dada alifanya yale yote aliyofundishwa na mtu aliyemsaliti, akiwa amekaa naye bega kwa bega. Alimfuta Chelezo. Alibadilisha neno la siri, na safari hii wifi hakugeuza uso. Alifumba macho na kuyafunika kwa viganja. Kisha dada akavitoa nje ya akaunti vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia. Kioo kikasema umebaki wewe peke yako.

Akafungua ramani ya nyumba yake. Akakifuta kile chumba. Akahifadhi.

Simu ilitetemeka mezani.

Zilikuwa namba za kuingilia. Hakuna aliyeziomba. Sote watatu tuliitazama simu ile, hakuna aliyeigusa. Ujumbe ulikuwa mweusi, haujasomwa. Kisha ukafifia. Umesomwa.

Chumba kilirudi kwenye mchoro. Mstari mmoja. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Hakikuwa kama mwanzo. Kilikuwa kimerefuka.

"Futa akaunti yote," wifi alinong'ona. "Wifi, futa."

Dada alifuta. Kazi za miezi mizima zilikwenda, na ramani ya nyumba ikaenda nazo.

Kesho yake asubuhi tulimrudia Mzee Timazi. Sijui dada alimwambia nini, ila mzee alichukua nyundo na patasi bila kubishana. Wifi alikuja kwa gari lake, akabaki amesimama mbali na sisi, karibu na rundo la mchanga. Tofali la kwanza liligoma. La pili likatoka. Mzee alichungulia kwa tochi, akanipisha.

Kuta zilikuwa zimepigwa lipu. Kwa ndani. Laini kama karatasi, pembe zimenyooka, sakafu imefagiwa.

"Sisi hatukupiga lipu humu," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Tofali la mwisho tuliliweka tukiwa nje."

Humo hamkuwa na mtu. Hamkuwa na mwiko, wala ndoo, wala unyayo. Mzee Timazi aliingiza mkono, akaugusa ukuta, akautoa haraka. Vidole vyake vilikuwa na saruji mbichi.

Wifi alimfuata dada hadi getini. "Nisamehe," alisema.

"Nilimzika kaka yako," dada alimjibu. "Sikujua na wewe nilikuzika siku hiyo hiyo." Akapita. Tangu hapo simu zake hakuzipokea.

Ndiyo maana wifi alinipigia mimi. Aliniomba niende kwake na futi yangu ya kushonea. Anaishi ghorofani, nyumba aliyokaa miaka mingi. Nilipima urefu wa sebule kwa upande wa koridoni, kisha nikaupima kwa ndani. Nikarudia. Sebule ilikuwa imepungukiwa mkono mzima, toka kiwiko hadi ncha za vidole. Ukuta wa mwisho haukuwa na rangi. Ulikuwa wa kijivu, wa baridi. Nilibonyeza kidole. Kilizama.

Tulifunga mlango, akanipa ufunguo wa pekee aliokuwa nao, akaenda kwa jamaa zake na nguo alizovaa. Nilirudi asubuhi ya pili na wapagazi kumtolea vyombo. Kufuli ilikuwa kama nilivyoiacha. Nikaenda moja kwa moja kwenye ule ukuta.

Alama ya kidole changu haikuwepo. Mahali pake palikuwa pamesawazishwa vizuri, na mtu anayeijua kazi. Aliyesawazisha alikuwa upande huu wa sebuleni.